Mwongozo kamili: kumpeleka mtoto kuangalia programu ya honazi kwenye chuo kikubwa Marekani

Huu mwongozo ni wa wazazi wenzangu wa huku Marekani ambao mtoto yuko gredi ya 11 au 12, maksi zake nzuri, na barua zimeanza kujaa sebuleni zinasema anakaribishwa kuomba honazi, yaani ile programu ya wanafunzi wa juu. Familia nyingi zinaenda kweli, zinazungushwa chuo kizima, zinapiga picha mbele ya uwanja wa mpira, zinanunua fulana, zinarudi. Ukiwauliza honazi ina ada yake au haina, tasnifu ni lazima au hiari, GPA, yaani wastani wa maksi, ikishuka mtoto anatolewa au anapewa muda, hakuna anayejua. Chuo wamekiona, honazi hawajaiona.

Mfano wangu utakuwa Barrett, The Honors College, iliyoko ndani ya Arizona State University. ASU ni chuo kikubwa kweli kweli, kampasi ya Tempe peke yake ina wanafunzi zaidi ya 50,000 na Barrett wenyewe wanapita 7,000, halafu Phoenix na miji ya jirani kuna Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaoongea Kiswahili na watoto wao ndo hawa hawa wanaomaliza sekondari sasa hivi. Kama mnaenda chuo kingine hatua ni zile zile, badilisha majina tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

- Nakala ya matokeo ya mtoto ya sekondari, hata ile isiyo rasmi anayoitoa kwenye kompyuta, pamoja na orodha ya masomo ya AP (yale ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) au ya chuo aliyokwishafanya.
- Meja, yaani fani kuu ya digrii, mbili au tatu anazozifikiria. Moja haitoshi, watoto wanabadilika.
- Makadirio ya gharama. Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinatakiwa kisheria kiweke kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake, kwahiyo jaza kile cha chuo chenu, printi majibu.
- Uthibitisho wa miadi yote, umeprintiwa. Simu inazima.
- Daftari mbili, moja yako moja ya mtoto. Nitaeleza mbele kwa nini msichangie.
- Viatu vya kutembea, chupa ya maji, kofia, pawa benki. High heels na viatu vya harusi viacheni nyumbani, mtatembea masaa.

## Hatua ya 1: Jueni mnaenda kuangalia nini

Honazi si kitu kimoja nchi nzima na hapa ndo watu wengi wanapoanza kupotea. Kuna vyuo ambavyo honazi ni chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa, ina mkuu wake, mabweni yake, masharti yake, Barrett iko hivyo na Schreyer ya Penn State iko hivyo. Pale University of Texas at Austin kuna Plan II, ambayo ni meja yenyewe, mtoto anatoka na digrii ya Plan II ingawa anaweza kuongeza meja nyingine pembeni. Ohio State wao wana Honors na wana Scholars, mambo mawili tofauti kwenye ofisi moja, na nimewasikia wazazi wakiyachanganya mpaka mwisho wa kikao.

Kwahiyo kabla hamjakata tiketi, mtoto akae asome ukurasa wa masharti, asiishie kwenye ukurasa wa picha. Kwa Barrett atakuta mambo haya: anayeingia mwaka wa kwanza anatakiwa amalize krediti (vipimo vya masomo) 36 za honazi, ndani yake kuna semina ya mihula miwili inaitwa The Human Event ambayo kila mmoja anapitia hata kama anasomea uhandisi, mwisho kuna tasnifu au mradi wa ubunifu ambao anautetea mbele ya walimu, na GPA ya kumaliza isiwe chini ya 3.25. Schreyer wanataka 3.40. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, muulize mtu aliyesoma kemia.

Onyo: usimsomee wewe. Mzazi akisoma kila kitu mtoto anafika pale hana swali hata moja.

Mmefanikiwa kama mtoto anaweza kumweleza bibi yake kwenye simu, kwa Kiswahili, bila kusoma popote, honazi ya pale inamdai nini na inampa nini. Akikwama katikati ya maelezo, hapo alipokwama ndo swali lake la kwanza la ziara.

## Hatua ya 2: Chagueni tarehe yenye wanafunzi

Nendeni siku ya kazi, muhula ukiwa unaendelea. Najua wengi tunapenda Juni na Julai kwa sababu likizo, nauli mnapanga vizuri na wadogo zake wanakuja pia. Lakini chuo kiangazi ni majengo matupu, maprofesa hawapo, semina hakuna, mtaonyeshwa bweni lisilo na mtu. Na Arizona kuna la ziada: kiangazi cha 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto la mchana halishuki chini ya Fahrenheit 110, hiyo ni kama nyuzi 43 za kwetu. Ziara ya kutembea kwenye lami saa nane mchana kwenye joto lile, mtoto atakichukia chuo bure.

Tempe kipindi kizuri ni Oktoba na Novemba, au Februari na Aprili. Machi angalieni sana, kuna wiki ya mapumziko ya chuo, na pia Februari mwishoni hadi Machi timu za besiboli zinafanya mazoezi Phoenix nzima, hoteli zinapanda bei mpaka unajiuliza umebuku chumba au umenunua. Jumamosi ya mechi ya nyumbani ya futiboli ya Kimarekani nayo ikwepeni kwa sababu hiyo hiyo, pakingi hamtapata.

## Hatua ya 3: Bukuni miadi miwili, wala si mmoja

Hii ndo hatua inayoharibu ziara nyingi. Ziara ya kawaida ya chuo inaandaliwa na ofisi ya udahili, na ziara ya honazi inaandaliwa na honazi wenyewe. Ukibuku ya kwanza tu utapitishwa mbele ya jengo la honazi, utaambiwa "na hapa ni honors", mnaendelea kwenda jimu. Nendeni kwenye tovuti ya honazi yenyewe mtafute sehemu yao ya ziara, kisha muipange siku moja na ile ya chuo, ya chuo asubuhi na ya honazi baadae, mkiacha nafasi ya saa moja na nusu katikati maana hivi vitu haviishi kwa wakati.

Onyo kubwa kwa ASU: Barrett iko kwenye kampasi nne, yaani Tempe, Downtown Phoenix, Polytechnic iliyoko Mesa, na West Valley iliyoko mpakani mwa Phoenix na Glendale. Hizi ni sehemu tofauti kabisa, kuna mwendo wa gari kati yake. Mtoto anayetaka uandishi wa habari masomo yake yapo Downtown Phoenix, kwenye Walter Cronkite School, anayetaka urubani yupo Polytechnic. Mkibuku Tempe kwa sababu ndo inayojulikana mtaona bweni ambalo mtoto hatalala na bwalo ambalo hatakula. Angalieni kwanza meja iko kampasi gani ndo mbonyeze.

Halafu mtoto, narudia mtoto, aandike imeili kwa ofisi ya honazi wiki tatu hivi kabla. Iwe fupi: jina lake, mwaka atakaomaliza sekondari, meja anazofikiria, tarehe mtakayokuwepo, na maombi mawili. Ombi la kwanza ni kukaa kwenye semina kama msikilizaji, la pili ni kuonana na mwanafunzi wa honazi wa meja ile ile. Wakikataa la kwanza mara nyingi watakubali la pili. Mzazi usiandike hiyo imeili ukajifanya mtoto, wanajua, hakuna kijana wa miaka 17 anayeanza barua na salamu za Idd.

Mmefanikiwa: mna uthibitisho wa miadi miwili, kampasi iliyoandikwa ni sahihi, na kuna jina la mtu ambaye mtoto atamuulizia akifika.

## Hatua ya 4: Kikao cha nyumbani

Usiku mmoja kabla ya safari zimeni TV. Mambo mawili tu.

La kwanza hela. Mwambie mtoto ukweli, kwa mwaka tunaweza kutoa kiasi hiki, kinachobaki lazima kitoke kwenye skolashipu, ruzuku au mkopo. Wazazi wetu wengi tunaona aibu kusema namba mbele ya mtoto, tunamwacha apende chuo halafu Aprili ndo tunamvunja moyo. Ni ukatili ule, samahani kusema.

La pili, nani atauliza nini. Maswali ya masomo, tasnifu, walimu, maisha ya bweni: mtoto. Maswali ya ada, bima, usalama, misaada ya fedha: mzazi. Kila mmoja anaandika yake kwenye daftari lake, na ndo sababu ya daftari mbili. Nimemuona baba mmoja kwenye kikao kama hiki amesimama na koti lake zuri, mwanae wa futi sita amekaa pembeni, baba anasema "my son wants to be a doctor" na anaendelea dakika tano nzima, anataja maksi, anataja kanisa, kijana anaangalia kamba za viatu vyake. Yule dada wa ofisini alisubiri kwa adabu, kisha akamgeukia kijana akamuuliza "na wewe unapenda nini?" Kijana hakuwa na jibu, maana nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Kama Kiingereza chako si kizuri usimgeuze mtoto mkalimani siku hiyo. Akitafsiri hana muda wa kuuliza yake, na ukweli ni kwamba watafsiri hawa wadogo wanachuja, ada ikiwa kubwa hutaambiwa. Uliza ofisi mapema kama wanaweza kupata mkalimani, au chukua mtu mzima mnayemwamini.

## Hatua ya 5: Kufika

Fikeni dakika 40 kabla. Kampasi kubwa kutoka pakingi mpaka ofisini inaweza kuwa robo saa ya mguu, na mtapotea kidogo, kila mtu anapotea. Kwa Tempe kuna treni ya mjini ya Valley Metro inayotoka katikati ya Phoenix na kupita kando ya chuo, ukiitumia umeondokana na habari ya pakingi kabisa. Makazi ya Barrett yako upande wa mashariki wa kampasi, maeneo ya Apache na Rural, ni kama kijiji chenye nyua zake na bwalo lake, kilifunguliwa 2009.

Kuleni kitu kabla. Basi.

## Hatua ya 6: Kikao cha honazi, hapa ndo penyewe

Watawaonyesha slaidi. Slaidi zote za honazi nchi nzima zinafanana: madarasa madogo, kujisajili masomo mapema, bweni zuri, picha ya mtu yuko Roma. Vyote vya kweli, na kujisajili mapema peke yake ni jambo kubwa kwenye chuo cha watu 50,000 maana darasa linalojaa wenzio wanalikosa wewe umo. Ila uamuzi hautoki kwenye slaidi, unatoka kwenye maswali, na haya ndo nayaona ya lazima.

Ada. Je kuna ada ya honazi juu ya karo? Barrett ipo, inalipwa kila muhula. Uliza kiasi cha mwaka huu, uliza ilipanda lini mara ya mwisho, na uliza kama skolashipu ya mtoto inaweza kuilipia au lazima itoke mfukoni. Uliza pia kama mwaka wa kwanza lazima alale bweni la honazi na bei yake ikoje ukilinganisha na mabweni mengine, kwa sababu kwa familia inayoishi Glendale au Mesa ambayo ilipanga mtoto alale nyumbani, bweni la lazima linabadilisha hesabu yote.

GPA ikishuka. Wapo watoto wetu waliokuwa wa kwanza shuleni, wakafika muhula wa kwanza wakapata C ya kalkulasi. Nini kinatokea? Honazi nyingi zinatoa muhula mmoja au zaidi wa kujirekebisha, lakini utaratibu unatofautiana, wakueleze kwa maneno. Na hili wazazi wengi hawalijui, muulize skolashipu imefungwa kwenye honazi au inasimama peke yake. Akitoka honazi na hela inaondoka au inabaki?

Tasnifu. Mtoto aulize: wanafunzi wa meja yangu wanaanza tasnifu mwaka gani, wanampataje profesa wa kuwasimamia, na nionyeshe mada mbili tatu za waliomaliza mwaka jana. Hapa msikubali jibu la jumla. Mwanafunzi wa historia tasnifu inaingia vizuri kwenye ratiba yake, ila wa uuguzi ambaye asubuhi yuko wodini na jioni ana maabara anahitaji mpango. Ofisi nzuri itakwambia wa uuguzi wetu wanafanya hivi na hivi. Ofisi ikikujibu "oh, they find a way", andika hiyo sentensi kwenye daftari na uweke duara.

Krediti za honazi zinatoka wapi. Kwenye meja nyingine madarasa ya honazi ni machache, na mwanafunzi anachukua darasa la kawaida halafu anakubaliana na profesa afanye kazi ya ziada ili lihesabike honazi. ASU wana mkataba wa namna hiyo. Si vibaya, ila ujue maana yake: "darasa dogo" uliloliona kwenye slaidi linaweza kuwa ukumbi wa watu 200 na karatasi moja zaidi ya kuandika. Mtoto aulize, kwa meja yangu mwaka wa pili na wa tatu, madarasa mangapi ni ya honazi kweli na mangapi ni ya mkataba?

AP. Mtoto mwenye masomo mengi ya AP anaweza kuwa na mpango wa kumaliza miaka mitatu. Aulize kama honazi inaruhusu na tasnifu itaingia wapi. Kwa Barrett, The Human Event iko palepale, AP ya Kiingereza haikuondolei.

Onyo: msiulize "je honazi itamsaidia kuingia udaktari?" Hakuna atakayesema hapana. Ulizeni wanafunzi wa honazi wanaotaka udaktari wanapata wapi nafasi ya maabara, na nani anawaandikia barua. Hapo mtasikia tofauti.

Mmefanikiwa kama mkitoka kila daftari lina angalau majibu manne yenye namba au utaratibu. Daftari likiwa na maneno kama "great community" tupu, rudini mezani kwao kabla hawajafunga.

## Hatua ya 7: Achaneni

Baada ya kikao mtoto aende na mwanafunzi au akae kwenye semina, mzazi aende ofisi ya misaada ya fedha. Saa moja na nusu. Usimfuate, usimpigie simu kila dakika kumi.

Sababu yake, mwanafunzi wa chuo mbele ya mama wa watu anaongea kama tangazo, mbele ya kijana mwenzie anasema ukweli, kwamba bwalo likifungwa usiku mnakula wapi, kwamba profesa yupi anasoma kazi zako kweli, kwamba kwenye semina Waafrika wako wangapi na inakuwaje. Akikaa kwenye semina aangalie kitu kimoja tu: nani anaongea? Kama ni vijana watatu wanabishana na wengine ishirini wanaangalia laptopu, amepata jibu lake. Kama profesa ananyamaza na darasa linaenda lenyewe, vitabu viko wazi mezani vimepigwa mistari ya kalamu, hilo nalo ni jibu.

Wewe mzazi huko ofisini: uliza tarehe yao ya kipaumbele ya FAFSA, ile fomu ya kuomba misaada ya fedha ya serikali kuu, uliza masharti ya kuhesabiwa mkazi wa jimbo kama mmehamia karibuni, maana vyuo vingi vya umma vinataka uwe umekaa mwaka mzima na tofauti ya karo ni kubwa mno. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye green card wana haki ya misaada ya serikali kuu, usikubali mtu wa mtaani akwambie vinginevyo, ila nenda na nakala za karatasi zenu.

Na zoea kitu kimoja kuanzia siku hiyo: mtoto akishaanza chuo, sheria ya FERPA ya 1974 inamfanya yeye ndo mwenye rekodi zake. Chuo hakilazimiki kukuonyesha matokeo kwa sababu tu unalipa. Uliza kuna fomu gani ya yeye kukuruhusu, kisha mkakubaliane wenyewe nyumbani.

## Hatua ya 8: Kuleni walikokula wao

Lipieni chakula cha mchana kwenye bwalo la honazi, msikimbilie mgahawa wa nje. Mkiwa Waislamu ulizeni halali iko wapi na inapatikana kila siku au Ijumaa tu. Angalia watu wanakaaje, wako peke yao na simu au meza zimejaa. Soma matangazo ukutani, yale ya karatasi yaliyobandikwa na wanafunzi, yanasema mengi kuliko brosha.

## Hatua ya 9: Usiku ule ule

Mkifika hotelini au kwenye gari, kabla ya kuongea, kila mtu aandike kivyake: nimependa nini, nimeogopa nini, sijajibiwa nini. Mtoto asome kwanza. Mzazi akianza, mtoto atakubaliana na mzazi, tunajuana.

Yale ambayo hamkujibiwa mtoto ayatume kesho yake kwenye imeili ya shukrani kwa yule mtu wa honazi aliyemuulizia alipofika. Maswali mawili, yasizidi.

Kisha gharama. Chukua karo, bweni, chakula, ada ya honazi, nauli za kurudi nyumbani, toa skolashipu na ruzuku, mkopo usiutoe maana mkopo ni deni. Fanya hivyo hivyo kwa chuo hicho hicho bila honazi, halafu kwa chuo cha pili. Wakati mwingine mtajikuta honazi inaongeza gharama kidogo na inampa mtoto walimu wanaomjua kwa jina, inalipa. Wakati mwingine meja yake tayari ina madarasa madogo na maabara nzuri, na honazi inamuongezea tasnifu ambayo hakuitaka. Mi naona kukataa honazi kwa sababu hiyo si aibu hata kidogo, hata kama shangazi ameshatangaza kwenye grupu la WhatsApp.

## Hatua ya 10: Majibu yakitoka

Kukubaliwa chuo na kukubaliwa honazi mara nyingi ni majibu mawili, yanakuja siku tofauti, na maombi yenyewe yanaweza kuwa mawili yenye insha tofauti na tarehe tofauti za mwisho. Mtoto aziandike tarehe zote mbili kwenye kalenda ya ukutani jikoni, pale kila mtu anapopita.

Vyuo vingi vinataka uthibitisho kufikia Mei 1. Msilipe depoziti kwa furaha tu kabla jibu la honazi na barua ya misaada ya fedha havijafika vyote, isipokuwa depoziti ya bweni ambayo wanarudisha, hiyo ulizeni inarudi mpaka tarehe ngapi. Jibu la honazi likichelewa kupita tarehe waliyoisema, mtoto apige simu mwenyewe, asubuhi, namba yake ya mwanafunzi ikiwa mkononi maana hicho ndo kitu cha kwanza atakachoulizwa.